Usalama wa Njia ya Kurukia Ndege na Mazungumzo ya Redio na Mnara: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na abiria, wanafunzi wa urubani na madereva wanaofanya kazi upande wa ndege. Majibu yanahusu zaidi viwanja vyenye msongamano, ambako ndege moja inatua, nyingine inasubiri pembeni na ya tatu iko kilomita chache nyuma angani, zote zikiisikiliza sauti moja.

Tukio gani huhesabiwa kuwa ni uvamizi wa njia ya kurukia?

Kwa mujibu wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, ni pale ndege, gari au mtu anapokuwemo isivyostahili ndani ya eneo linalolindwa la njia ya kurukia na kutua. Eneo hilo ni pana kuliko lami yenyewe. Kwenye uwanja mkubwa ambao ndege hutua kwa msaada wa mitambo ya ardhini, mstari wa kusubiri huchorwa mita 90 kutoka katikati ya njia. Pua ya ndege ikiupita mstari huo bila ruhusa, hata kwa mita mbili, na hata kama hakuna ndege nyingine karibu, tukio linaripotiwa.

Matukio hupangwa kwa madaraja. A ni pale walipoponea chupuchupu. B ni pale nafasi ilipopungua kiasi cha kuleta hatari kubwa ya kugongana. C ni pale muda na nafasi vilitosha kuepuka mgongano, na D ni kuingia ambako hakukuleta hatari ya papo hapo. Lipo pia E, kwa matukio yasiyo na taarifa za kutosha. Wengi hudharau daraja la D. Ni makosa, kwa sababu D na A huanza kwa kosa lilelile, na kinachozitofautisha ni kama kulikuwa na ndege nyingine njiani dakika hiyo.

Rubani huzungumza na nani, kwa mpangilio gani?

Kwenye uwanja mdogo, mtu mmoja anaweza kufanya kazi zote. Kwenye uwanja mkubwa kazi hugawanywa kwa masafa ya redio, kila mmoja na yake. Kwanza kuna anayetoa ruhusa ya safari, yaani njia ya angani, kimo cha kwanza na namba ya transponda, kifaa kinachoitambulisha ndege kwenye rada. Halafu kuna wa ardhini, anayeongoza ndege kutoka maegesho kupitia viungio, yaani barabara za ndege za ardhini, hadi mstari wa kusubiri. Kisha mnara wenyewe, ambao ndio wenye mamlaka juu ya njia ya kurukia. Ndege ikishapaa hukabidhiwa kwa wanaosimamia anga inayozunguka uwanja.

Kila makabidhiano ni mahali pa kukosea. Ndege iliyo kwenye masafa ya mnara haisikii anachoambiwa dereva aliye kwenye masafa ya ardhini. Ndiyo maana viwanja vingi sasa hutaka gari lolote linaloingia njia ya kurukia lihamie masafa ya mnara, ili rubani anayekuja kutua asikie kwa masikio yake kwamba kuna mtu njiani.

Mazungumzo yenyewe huwaje?

Tuchukue mfano wa ndege yenye jina la redioni Tanzania 104, inayoondoka Dar es Salaam kwa njia 05. Wa ardhini atasema: "Tanzania 104, taxi to holding point Alfa, runway 05." Rubani hujibu: "Taxi to holding point Alfa, runway 05, Tanzania 104." Hapo ndege imeruhusiwa kufika kwenye mstari wa kusubiri tu, isiuguse wala kuuvuka.

Mnara ukitaka ndege iingie njiani lakini isiruke, husema "line up and wait". Ndege huingia, hujipanga katikati, husimama. Ruhusa ya kuruka huja peke yake, ikitanguliwa na upepo: "Tanzania 104, wind 060 degrees 8 knots, runway 05, cleared for take-off." Rubani hurudia namba ya njia, ruhusa na jina lake.

Marekani walikuwa wakisema "position and hold" hadi Septemba 30, 2010, walipohamia "line up and wait" ili wafanane na nchi nyingine. Rubani anayevuka mabara hapaswi kufasiri kauli upya kila anapofika nchi ngeni, hasa akiwa na uchovu wa usiku mzima.

Ni mambo gani lazima rubani ayarudie neno kwa neno?

Ruhusa ya njia ya safari. Agizo lolote la kuingia, kutua, kuruka, kuvuka, kurudi nyuma au kusubiri nje ya njia ya kurukia. Namba ya njia inayotumika, kipimo cha shinikizo la hewa, namba ya transponda, kimo, uelekeo na mwendo.

Kusema "roger" hakutoshi hata kidogo kwa mambo hayo. Maana yake ni kwamba ujumbe umefika. Haimwambii mwongoza ndege ni ujumbe gani uliofika. Akisikia "roger" baada ya kusema "hold short of runway 23", yaani subiri nje ya njia 23, ni wajibu wake kudai marudio kamili, hata kama ana ndege kumi zinazosubiri.

Upande wa pili wa kazi hiyo ni kusikiliza marudio, na huku ndiko makosa hupenya zaidi. Rubani akirudia vibaya na mnara ukanyamaza, yeye huchukulia kwamba amesikia sawasawa. Kinachoharibu usikivu mara nyingi ni matarajio: mtu aliyezoea kupewa njia fulani kila asubuhi huisikia hiyo hiyo hata siku akipewa nyingine. Pia kuna marudio yasiyo na jina la ndege, ambayo hayamwonyeshi mwongoza ndege nani amejibu. Jina hilo hukatwa kwa haraka ya kuokoa sekunde moja, na ndilo lingeonyesha kwamba ndege isiyohusika imechukua agizo la mwenzake.

Kwa nini neno "take-off" halitamkwi ovyo redioni?

Kwa sababu ya ajali iliyoua watu wengi kuliko zote katika historia ya usafiri wa anga. Machi 27, 1977, bomu lililipuka kwenye uwanja wa Gran Canaria, na ndege nyingi zikaelekezwa Los Rodeos, uwanja mdogo wa Tenerife wenye njia moja. Maegesho yalijaa hadi viungio vikafungwa na ndege zilizosimama, hivyo ndege zilizotaka kuondoka zililazimika kutembea juu ya njia ya kurukia yenyewe. Ukungu ulishuka. Boeing 747 ya KLM ilifika mwisho wa njia na kugeuka. Boeing 747 ya Pan Am, iliyokuwa ikiifuata, sasa ilikuwa mbele yake njiani, ikitafuta kiungio cha tatu, ambacho ilikipita.

Mnara uliipa KLM ruhusa ya safari, yaani maelekezo ya kufuata baada ya kupaa. Ndani ya maelekezo hayo lilikuwemo neno "take-off". Rubani msaidizi aliyarudia, kisha akamalizia kwa kusema "we are now at take-off". Kauli hiyo haikuwa sanifu. Mnara uliielewa kuwa wako tayari wakisubiri. Wao walikuwa wameshaanza kukimbia. Mwongoza ndege alijibu "OK", akanyamaza kidogo, kisha akawaambia wasubiri hadi awaite. Wakati huohuo Pan Am nayo ikasema bado iko njiani. Kauli hizo mbili ziligongana hewani, na ndani ya KLM ikasikika "OK" ikifuatiwa na mlio mkali. Mhandisi wa ndege aliuliza kama Pan Am imeshatoka njiani. Kapteni alijibu kwamba imetoka. Walikufa watu 583. Walionusurika ni 61, wote wa Pan Am.

Tangu hapo neno "take-off" hutumika tu katika kutoa ruhusa ya kuruka au kuifuta. Kwingine kote husemwa "departure", yaani kuondoka: uko tayari kwa "departure", subiri "departure". Mwanafunzi anayeona kwamba mwalimu wake anang'ang'ania jambo dogo akisome tena kisa hiki. Ajali hiyohiyo ndiyo iliyosukuma mafunzo ya kumfanya rubani msaidizi na mhandisi waseme wasiwasi wao kwa sauti, na wakijibiwa kwa mkato wauseme tena.

Kwa nini watu wawili wakizungumza pamoja hawasikiki?

Redio za ndege hufanya kazi kati ya megahezi 118 na 137, na kwenye kila masafa ni mmoja tu anayeweza kuzungumza kwa wakati mmoja. Anayebonyeza kitufe hasikii wengine. Wawili wakibonyeza kwa pamoja, wanaosikiliza hupata mlio au mkwaruzo, na wazungumzaji wenyewe hawajui kilichotokea.

Njia za kujikinga ni rahisi. Ukihamia masafa mapya, sikiliza kwanza. Bonyeza, subiri nukta, ndipo useme, vinginevyo silabi za mwanzo hukatika, na hizo ndizo zenye jina la anayeitwa. Ukisikia kauli zimegongana, sema "blocked" ili wote wajue kwamba agizo halikupita. Na kama masafa yamekuwa kimya isivyo kawaida, kagua kitufe chako, kwani kikikwama kimebonyezwa huziba mawasiliano ya uwanja mzima.

Marudio yakiwa sahihi, je, ajali haiwezi kutokea?

Inaweza. Januari 2, 2024, jioni, Airbus A350 ya Japan Airlines ilitua Haneda, Tokyo, kwenye njia 34R na kuigonga ndege ndogo aina ya Dash 8 ya Walinzi wa Pwani iliyokuwa imesimama hapo, ikiwa na misaada ya walioathirika na tetemeko la Noto la siku iliyotangulia. Mnara ulikuwa umeiambia Dash 8 iende hadi mstari wa kusubiri wa kiungio C5, na kuongeza kwamba ni "number one", yaani ya kwanza katika foleni ya kuondoka. Wafanyakazi wa ndege walirudia agizo hilo ipasavyo. Kisha waliupita mstari wakiamini wameruhusiwa kuingia, wakasimama njiani sekunde 40 hivi.

Kinga nyingine nazo zilikuwa na matundu. Skrini ya mnarani ilionyesha kwamba njia ina ndege, lakini bila sauti, na hakuna aliyeitazama kwa wakati. Taa nyekundu za kuzuia pale C5 hazikuwa zikifanya kazi kwa sababu ya matengenezo. Marubani wa A350 hawakuiona ndege ndogo gizani mbele yao. Watano kati ya 6 waliokuwa kwenye Dash 8 walikufa. Wote 379 wa A350 walitoka kabla moto haujaimaliza ndege hiyo.

Baada ya hapo Japani ilisitisha kwa muda kuwatajia marubani namba ya foleni. Msimamo wetu ni kwamba neno lolote la ziada karibu na njia ya kurukia lipimwe. Taarifa ya foleni si ruhusa, lakini mtu mwenye haraka ya kazi ya dharura anaweza kuisikia kama ruhusa.

Nikiwa na shaka kama nimeruhusiwa kuingia, nifanye nini?

Simama kabla ya mstari na uulize. "Confirm cleared to enter runway" huchukua sekunde 3. Kama rubani mmoja ana hakika na mwenzake hana, basi chombo hicho hakijapata ruhusa. Ukigundua kwamba tayari uko njiani kimakosa, sema mara moja uko wapi na utoke kwa njia ya karibu kama unaiona. Usikae kimya ukitafuta ramani.

Mistari, mabango na taa hizi zina maana gani?

Mstari wa kusubiri una michirizi minne ya njano: miwili imekamilika na miwili imekatikakatika. Ukiwa upande wa michirizi iliyokamilika, simama. Hupiti bila ruhusa. Ukiwa upande wa iliyokatika, maana yake unatoka njiani, na unatakiwa upite mpaka mkia wote uwe umevuka. Rubani anayesimama na pua nje huku mkia ukiwa ndani bado ameifunga njia.

Bango jekundu lenye maandishi meupe ni la amri na huonyesha namba ya njia iliyo mbele. Bango jeusi lenye maandishi ya njano linakwambia uko kiungio gani. La njano lenye maandishi meusi linaelekeza uendako.

Usiku, kingo za viungio ni taa za bluu na katikati kijani. Kingo za njia ya kurukia ni nyeupe. Kwenye njia zenye taa za katikati, mita 900 za mwisho nyeupe na nyekundu hupokezana, na mita 300 za mwisho ni nyekundu tupu. Pembeni mwa mstari wa kusubiri huwekwa jozi za taa za njano zinazowaka kwa kupokezana. Sehemu nyingine huwa na taa nyekundu zilizopangwa kukatisha kiungio. Hizi zikiwaka, usipite, hata kama umesikia ruhusa kwa masikio yako. Uliza, subiri zizimwe.

Namba za njia zinatoka wapi?

Ni uelekeo wa dira uliokadiriwa kwa kumi ya karibu na kuondolewa sifuri ya mwisho. Njia ya Jomo Kenyatta, Nairobi, ni 06 ukielekea nyuzi kama 060 na 24 ukielekea upande wa pili. Dar es Salaam ina 05/23 na 14/32, na hizo mbili zinakatana, kwa hiyo anayetumia moja ni lazima ajue nani yuko kwenye nyingine. Penye njia mbili sambamba huongezwa herufi ya kushoto au kulia, L au R, na herufi hiyo haiachwi kamwe katika marudio.

Marubani na mnara hapa kwetu huzungumza Kiswahili?

Kwenye masafa ya mnara, Tanzania, Kenya na Uganda hutumia Kiingereza. Burundi na Kongo hutumia Kifaransa na Kiingereza. Kanuni ya ICAO ni lugha inayotumika kituoni au Kiingereza, na Kiingereza lazima kipatikane kwa rubani wa kimataifa anayekihitaji. Kiwango cha chini cha lugha kwa safari hizo ni cha 4 kati ya 6, na aliyepata cha 4 hupimwa tena kila baada ya miaka 3.

Wapo wanaouliza kama huku si kuidharau lugha yetu. Jambo lenyewe ni la usikivu. Mei 25, 2000, kwenye uwanja wa Charles de Gaulle, Paris, MD-83 ya Air Liberté ilipewa ruhusa ya kuruka kwa Kifaransa. Ndege ya mizigo aina ya Shorts 330 iliambiwa kwa Kiingereza iingie njia ileile, mnara ukidhani iko nyuma ya MD-83, kumbe ilikuwa mbele yake kwenye kiungio cha katikati. Bawa la MD-83 likapasua chumba cha marubani cha Shorts na kumuua mmoja wao. Wachunguzi walitaja matumizi ya lugha mbili kati ya mambo yaliyochangia. Rubani anayeelewa kila kinachosemwa kwenye masafa ni kinga ya bure, na kinga hiyo hupotea pale nusu ya mazungumzo yanapomfunga nje.

Majina na namba zinazofanana hushughulikiwaje?

Kenya 412 na Kenya 421 wakiwa masafa mamoja, mnara huwatahadharisha wote wawili, na unaweza kumbadilishia mmoja jina kwa muda. Mashirika mengi huchanganya namba na herufi ili kuepuka hali hiyo tangu kwenye ratiba.

Namba husomwa tarakimu moja moja, na baadhi hutamkwa kwa namna maalumu: 3 ni "tri", 9 ni "naina" kwa sauti ya Kiswahili. Hatari kubwa ni 2 na 4, ambazo kwa Kiingereza hufanana na vihusishi vya kawaida, "to" na "for". Februari 19, 1989, karibu na Kuala Lumpur, Boeing 747 ya mizigo ya Flying Tiger iliambiwa ishuke hadi futi 2,400. Agizo lilitolewa kwa tarakimu tupu, na tarakimu ya kwanza ikasikika kama neno la "hadi". Marubani walijibu futi 400. Hakuna aliyewasahihisha. Waligonga kilima, na wote 4 wakafa.

Kwa nini ndege yetu ilipaa tena ilipokaribia kugusa ardhi?

Mara nyingi ni kwa sababu ndege iliyotangulia imechelewa kutoka njiani, au rubani hakuridhika na mwendo, kimo au upepo. London Gatwick hupanga hadi safari 55 kwa saa kwenye njia moja, hivyo nafasi kati ya ndege na ndege ni ndogo kwa makusudi, na ikipungua zaidi lazima mmoja apae. Umbali angani hutegemea pia msukosuko wa hewa unaoachwa na ndege kubwa: nyepesi hukaa maili 6 za baharini nyuma ya ndege nzito, wakati nzito kwa nzito hutosha maili 4. Kupaa tena ni utaratibu uliofanyiwa mazoezi mara nyingi. Rubani anayeogopa kuchelewesha abiria kiasi cha kulazimisha kutua ndiye wa kumhofia.

Je, rada za ardhini hazitoshi kuzuia haya yote?

Husaidia sana, na kuzikosa kumegharimu maisha. Linate, Milano, Oktoba 8, 2001, kwenye ukungu, Cessna ndogo ilichukua kiungio R6 badala ya R5 na kuingia mbele ya MD-87 ya SAS iliyokuwa ikiruka. Rada ya zamani ilishaondolewa na mpya haijaanza kazi. Mabango hayakuwa sanifu. Walikufa 118. Austin, Texas, Februari 4, 2023, mnara ambao haukuwa na rada ya ardhini uliiruhusu ndege ya Southwest kuruka kwenye ukungu huku Boeing 767 ya FedEx ikija kutua njia hiyohiyo. Marubani wa FedEx ndio waliogundua na kupaa, wakipita chini ya futi 200 juu ya mwenzao.

Linganisha na New York JFK, Januari 13, 2023. Boeing 777 ya American ilivuka njia 4L kimakosa mbele ya Delta iliyokuwa inakimbia kuruka. Mtambo ulilia mnarani, mwongoza ndege akaifuta ruhusa ya kuruka, Delta ikasimama. Hata hivyo mtambo hutoa muda mfupi sana. Ndege ya ukubwa wa Boeing 737 ikikaribia kunyanyuka hula mita 75 hivi kwa sekunde.

Marubani huwezaje kukosea njia nzima?

Lexington, Kentucky, Agosti 27, 2006, ndege ya Comair iliruka kwa njia 26 iliyo fupi badala ya 22. Kati ya 50 waliokuwemo alinusurika mmoja. Taipei, Oktoba 31, 2000, ndege ya Singapore Airlines iliingia 05R iliyofungwa kwa ujenzi badala ya 05L, na watu 83 wakafa. Kinga ni kukagua vitu vitatu vikubaliane kabla ya kuongeza nguvu ya injini: bango la njia, namba iliyoandikwa kwenye lami, na dira.

San Francisco, Julai 7, 2017, Air Canada nusura itue juu ya kiungio chenye ndege nne zilizojipanga. Njia sambamba ilikuwa imefungwa na taa zake kuzimwa, hivyo marubani wakaichukulia njia yao halisi kuwa ndiyo ile ya pili, na kiungio kuwa ndiyo njia yao. Taarifa ya kufungwa ilikuwemo katika nyaraka zao, imefukiwa katikati ya taarifa nyingi zisizo na uzito. Wanaoandaa taarifa hizo wakumbuke kwamba msomaji ana dakika chache na macho yaliyochoka.

Mimi ni dereva upande wa ndege. Nizingatie nini?

Jua namba au jina la gari lako la redioni, na litaje kila mara. Taa ya juu iwake. Ramani ya uwanja iwe ndani ya gari, na maeneo yaliyowekewa alama kuwa ni ya hatari uyajue kwa kichwa. Ruhusa ya kufanya kazi uwanjani si ruhusa ya kuingia njia ya kurukia. Kwa kila kuingia na kila kuvuka, omba upya. Kabla ya kuvuka tazama pande zote mbili, pamoja na angani upande wa kutua. Ukitoka, ripoti umetoka ukiwa umeupita mstari wote.

Lima, Novemba 18, 2022, gari la zimamoto liliingia njiani katika zoezi la kupima muda wa kuitikia dharura, wakati Airbus A320 ya LATAM ikikimbia kuruka. Wazimamoto 2 walikufa hapo. Uchunguzi ulitaja upungufu wa uratibu na mawasiliano yasiyofuata kauli sanifu.

Redio ikifa kabisa?

Weka transponda 7600, kagua hedifoni na sauti, jaribu redio ya pili, kisha tazama mnara, ambao hutumia taa ya mkono. Ukiwa angani: kijani thabiti, ruksa kutua, nyekundu thabiti, wapishe wengine na uendelee kuzunguka, nyekundu ya kumetameta, uwanja si salama, usitue. Ukiwa ardhini: kijani thabiti, ruksa kuruka, kijani ya kumetameta, ruksa kutembea, nyekundu thabiti, simama, nyeupe ya kumetameta, rudi ulikotoka.

Mvua inaingiaje katika usalama wa njia?

Tangu Novemba 4, 2021, hali ya lami huripotiwa kwa namba 0 hadi 6 kwa kila theluthi ya njia. 6 ni kavu, 5 ni maji yasiyozidi milimita 3, na maji yakizidi hapo hushuka hadi 2. Ripoti ya "5/5/2" inamwambia rubani kwamba theluthi ya mwisho, ndiyo anayoihitaji kusimama, imetuama maji. Wakati wa masika, mkaguzi anayetoka na gari kupima kina badala ya kukadiria kwa macho kutoka mnarani anampa rubani namba anayoweza kuifanyia hesabu.

Abiria anaweza kusaidia kwa lipi?

Funga mkanda tangu ndege inapoanza kutembea, kwa sababu breki za ghafla hutokea ardhini. Usimwite mhudumu kwa jambo dogo wakati wa kuruka na kutua. Hesabu safu za viti hadi mlango wa karibu, mbele na nyuma. Ukiamriwa kutoka, acha mizigo yote. Pale Haneda ni milango 3 tu kati ya 8 iliyofaa kutumika, na watu wote walipita hapo.

Nataka kuwa mwongoza ndege. Nianzie wapi?

Tanzania, mafunzo hutolewa na chuo cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga kilichopo Dar es Salaam. Kenya, ni East African School of Aviation, Embakasi. Leseni huhitaji umri usiopungua miaka 21, cheti cha afya cha daraja la 3, kiwango cha 4 cha lugha, na mazoezi kazini chini ya msimamizi kwenye mnara utakaoutumikia. Ukihamia mnara mwingine, unapimwa upya kwa ajili ya mnara huo.